Kumtoa Mgeni ni Kazi Moja, Kulinda Nyumba ni ya Pili

Majeshi ya Marekani yaliivamia Iraki Machi 2003. Mwaka 2007, vita vilipowaelemea, wakubwa wa Washington walibadili mbinu: wakaongeza askari zaidi ya 20,000, wakidai hiyo ndiyo itakayoharakisha siku ya kurudi kwao. Sisi twasema: siku isiyotajwa haifiki. Ilitajwa Novemba 2008, katika mapatano yaliyotiwa sahihi Baghdad, kwamba askari wote watoke kabla ya mwaka 2011 kwisha. Wakatoka Desemba 2011.

Lakini mwaka 2014 jeshi la Iraki lilikimbia Mosul, na mgeni yule yule akaitwa tena. Basi tudai tarehe, na papo hapo tujenge umoja. Nyumba iliyogawanyika haina bawabu.