Hasara Tunalipa Sote, Kiti Wanakaa Wao

Makamanda, najua mtaniambia kuna mambo mazito zaidi ya kuandika kuliko nauli za ndege. Mwenyekiti aliwekwa rumande, chama kikafungwa mikono, halafu mimi hapa naongelea kwenda mpirani. Lakini siasa ukiichuja inabaki swali moja: nani analipa, nani anafaidi. Na swali hilo sijaliona likiwa wazi mahali popote kama kwenye tiketi ya ndege ya KIA kwenda Dar wiki ya dabi.

Chukua Juni 25, 2025. Dabi ya Simba na Yanga, ile iliyoota mbawa Machi 8, ikachezwa siku ya Jumatano. Yanga tukashinda 2-0 (ndiyo, mimi ni Mwananchi, watu wa Msimbazi mnivumilie). Kijana wa Kibosho au Machame aliyetaka kuwa Uwanja wa Mkapa siku ile afanyeje? Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500. Anashuka mjini Jumanne jioni, anapanda basi la usiku, anaingia Dar asubuhi macho mekundu, anashangilia, kisha anageuka na basi jingine la usiku. Usiku wa pili huo hajagusa kitanda, na kama ni mwanafunzi, mitihani inamsubiri. Kwa ndege ni kama saa moja. Saa moja! Hujamaliza hata soda.

Na msiniambie basi linatosha. Juni 28, siku tatu tu baada ya dabi, basi na basi dogo viligongana pale Sabasaba, Same, vikawaka moto. Watu zaidi ya 35 wakafa, wengine hawakutambulika kwa sura. Sisemi ndege ingewaokoa wale. Nasema ile ndiyo barabara yetu. Ukitoka Moshi kwenda Dar utapita Same, upende usipende. Sasa mtu akikwambia kijana wa Kilimanjaro kupanda ndege ni anasa, muulize yeye mara ya mwisho kwenda Dar na basi ilikuwa lini.

Kulikuwa na wakati haikuwa anasa. Novemba 29, 2012 Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar kwenda Kilimanjaro na Mwanza, na tangazo lake lilikuwa nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Nilikuwa shule ya msingi, lakini nakumbuka watu wazima wakibishana kama ni kweli au ni utapeli. Ilikuwa kweli, kwa masharti: ununue mapema, mzigo ulipie, maji ununue. Mama wauza mitumba wa Memorial walipanda. Wanafunzi walipanda. Watu waliokuwa wakiiona ndege ikishuka KIA miaka yote kutoka mashambani mwao Hai, kwa mara ya kwanza wakawa ndani yake.

Sitawadanganya kwamba Fastjet walikuwa malaika. Ratiba zao zilikuwa zinasumbua, na mwishoni walikuwa na madeni. Novemba 2018 kampuni mama ikauza hisa zake kwa Lawrence Masha, yule waziri wa zamani wa Mambo ya Ndani. Mwezi uliofuata TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni na kukosa sifa. Masha akalalamika hadharani kwamba anataka kuleta ndege anazuiwa. Hatujawahi kuiona tena angani.

Nani alikuwa na haki kati yao? Sina jalada, siwezi kuhukumu. Ila nitawakumbusha kitu kingine kilichotokea Desemba hiyo hiyo ya 2018: Airbus mpya ya kwanza ya ATCL ilitua Dar kwa shangwe, Rais akaipokea. Serikali ilikuwa imeanza kununua ndege tangu 2016, kwa fedha zetu, ikizimiliki kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL ikizikodi. Kwa hiyo mshindani mmoja anaomba leseni yake isifutwe, na mshindani mwingine ni serikali yenyewe. Anayetoa leseni yuko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Mwenye viwanja vya ndege, TAA, yuko chini ya Wizara ya Uchukuzi. ATCL nayo iko chini ya wizara hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza wa sheria, wiki ya kwanza kabisa, tunafundishwa kwamba mtu asiwe hakimu kwenye kesi yake mwenyewe. Hata kama mwamuzi alipiga filimbi kwa haki siku ile, alikuwa amevaa jezi ya timu moja.

Babu zetu huku mlimani walilielewa hili bila digrii. Waliounda ushirika wa kahawa, mpaka KNCU ikazaliwa 1933, walikuwa wamechoka na mnunuzi anayeshika mizani na kupanga bei kwa mkono huo huo. Na Precision Air, iliyoanzishwa na marehemu Michael Shirima, mtu wa mkoa huu, ni mfano kwamba Mtanzania anaweza kuruka bila kubebwa na Hazina. Lakini ushindani na mtu ambaye akipata hasara anaongezewa bajeti, huo ni ushindani gani?

Tuje kwenye hiyo hasara. Ripoti ya CAG iliyotoka Aprili 2025 inasema mwaka wa fedha 2023/24 ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8. Mwaka uliotangulia ilikuwa bilioni 56.64. Kabla ya hapo bilioni 35.2. Someni namba hizo kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza muone zinavyopanda. Kuna sababu za kweli, mojawapo ni ndege za Airbus kukaa chini kwa matatizo ya injini, na hilo si kosa la rubani wala la mhudumu anayekukaribisha mlangoni. Lakini hasara inafidiwa na nani? Na mama wa Marangu anayenunua mafuta ya taa, sabuni na vocha. Anachangia ndege ambayo hajawahi kupanda na kwa bei za sasa hatapanda.

Ndiyo maana hoja ya vijana wa chama tawala kwamba "ndege si ya kila mtu" inanikera kuliko hata matusi. Sawa, isiwe ya kila mtu. Basi na hasara yake isiwe ya kila mtu.

Sasa mtu atasema mbona mashirika yanatangaza promosheni kila siku, "nauli kuanzia" kiasi fulani. Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Machi 2025 mimi, kaka yangu na rafiki zake wawili tulijichanga kwenda dabi. Tuliona bango la kampuni moja, sitaitaja, lenye nauli nzuri tu. Tukaingia kutafuta. Ijumaa hakuna, Jumamosi hakuna, Alhamisi hakuna. Ile nauli ya bangoni ilipatikana siku moja, Jumanne alfajiri, kiti kimoja. Sisi tukanunua za Ijumaa kwa bei inayozidi mara mbili. Unafika KIA, ambako toka mjini ni kama kilomita 40 na teksi nayo inataka chake, na ndani ya tiketi kuna tozo ya huduma ya abiria shilingi 10,000. Elfu kumi ndiyo boom langu la chakula na malazi la siku nzima, limekwenda kabla injini haijawashwa.

Halafu mechi haikuchezwa. Mnakumbuka: Machi 7 usiku Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, kisha wakatangaza hawachezi, mchana Bodi ya Ligi ikaahirisha. Siku yenyewe ya mechi! Watu wako Temeke tayari na jezi. Na haikuwa mara ya kwanza, maana Mei 8, 2021 dabi ilivunjika kwa sababu ya kusogeza muda toka saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku. Kaka akapiga simu kuomba kusogeza tiketi ya kurudi tuwahi nyumbani. Akaambiwa faini, pamoja na tofauti ya nauli. Jumla ilizidi nauli ya basi kwa watu wanne, kwa hiyo tukakaa Mbagala kwa shangazi siku mbili tukila ugali wake.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza matangazo ya chambo, yaani kutangaza bei ambayo huna nia ya kuuza kwa kiasi cha kuridhisha. Inakataza pia maelezo ya kupotosha kwa mlaji. Na sheria hiyo inaifunga serikali pale inapofanya biashara, haijasema shirika la umma lipite pembeni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ATCL na wenzake ni jepesi: kwenye kila ndege ya KIA–Dar, viti vingapi vinauzwa kwa ile nauli ya bangoni? Waandike. Kama ni viwili, waandike viwili, tujue tunacheza bahati nasibu.

Wenzetu Kenya hawajafika mbinguni, shirika lao la taifa lina madeni yake. Lakini 2014 Kenya Airways ilianzisha Jambojet, kampuni tanzu ya nauli nafuu, inakwenda Mombasa, Kisumu, Eldoret, na inapambana na kampuni binafsi kwenye njia hizo hizo. Yaani hata shirika lenye mkono wa serikali linaweza kuamua kwamba abiria wa bei ndogo ni biashara. Sisi tumeamua biashara ni mtalii anayekuja kupanda Mlima na mkimbiaji wa Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari. Nawapenda, waje, Moshi inachangamka, wauza ndizi wanauza. Ila ndege ile ile inayowaleta ina safari ya kurudi.

Haya yote yana tarehe. Agosti 2, 2025 CHAN ilifunguliwa Uwanja wa Mkapa, Taifa Stars na Burkina Faso, Jumamosi. Mwaka 2027 ni AFCON, Kenya, Uganda na sisi, na uwanja wa watu 30,000 ulianza kujengwa Arusha. Serikali inajitapa kwa viwanja. Mimi nauliza mtu wa Mwanza, Mtwara au Kigoma atafikaje Arusha, na wa Rombo atafikaje Dar. Tozo ya 10,000 kwa safari za ndani iondolewe angalau siku za mashindano. Bunge limewahi kuibadilisha, linaweza kuibadilisha tena. TCAA itolewe kwenye wizara inayosimamia ATCL. Na Bodi ya Ligi ikiahirisha mechi siku ya mechi, tiketi ya ndege iliyonunuliwa kwa ajili yake isogezwe bila faini. Mashirika yatapiga kelele kwamba kosa si lao. Kweli si lao, wamdai aliyeahirisha, wao wana mawakili. Mimi na kaka yangu tunaye shangazi wa Mbagala tu.

Kwa sasa nina ombi la kazi, si la kushangilia. Kuanzia leo, kila mwenye simu afungue tovuti za mashirika atafute KIA–Dar ya Ijumaa na kurudi Jumapili. Piga skrinishoti ya bango la promosheni na skrinishoti ya bei halisi, tarehe na saa vionekane. Tumeni kwa katibu wa vijana wa wilaya yako. Sisi wanafunzi wa sheria huku Moshi tutazipanga na kuandika malalamiko kwenda Tume ya Ushindani. Zikifika hamsini tunapeleka.