Kabla ya Diani, Pitieni Sondu

Wasee, nitasema kitu na najua kuna watu wataninunia: safari ya wapenzi ya kwenda Diani haikuambii chochote kuhusu mtu uliye naye.

Subirini kidogo kabla hamjanirukia. Pwani ni kuzuri, hakuna anayebisha. Nimeenda, nimekula viazi karai, nimekunywa madafu, na nitarudi. Lakini Diani hakuna mtu anayewajua. Hakuna shangazi wa kuwauliza maswali. Na mtu akiwa likizo karibu kila mara ni mtu mzuri: amelala vya kutosha, ameshiba, amevaa kaptula, hana haraka. Ukitaka kujua kama huyu ni wako kweli, panda naye gari mwende mahali mnapojulikana. Kwenu, halafu kwao. Hiyo ndiyo safari ninayoitetea hapa, na si kwa sababu ni rahisi.

Yangu inaanza Nairobi, inapitia Roret, inaishia Kendu Bay. Mimi ni msichana wa Roret, Mkipsigis, nimekulia kwenye majani chai. Mtu wangu ni Mjaluo wa Kendu Bay. Kati ya kwetu na kwao kuna mji unaitwa Sondu. Kama unafuatilia habari za Kenya, ushajua kwa nini nautaja.

Njia kwanza, maana ni tamu na hakuna anayeisifu. Tulitoka Nairobi asubuhi, tukateremka Mai Mahiu, pale kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Ukimaliza mteremko, Bonde la Ufa linafunguka mbele yako na simu zinatoka mifukoni zenyewe. Halafu Narok, ngano pande zote. Mulot, Longisa, Bomet. Hewa inaanza kubadilika, unafunga dirisha bila kuambiwa. Hapo Bomet, ukiwa na muda, pita Tenwek uone maporomoko ya mto Nyangores. Kutoka Bomet unafika Kaplong, unakunja kulia kuelekea Kericho, na chai inaanza.

Kabla ya Litein kuna Kapkatet. Simameni hapo. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimbia mtu waliyemwita Chemirocha. Kumbe Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri! Kwa mawazo yao alikuwa nusu mtu, nusu swala. Wasichana ambao hawakuwahi kuiona Marekani walimchukua Mmarekani wakamfanya wao. Tulisikiliza rekodi hiyo tukiwa ndani ya gari, na mtu wangu akasema, "Kwa hivyo nyinyi mnaweza kumpokea mtu wa Mississippi, lakini wa Kendu Bay ni shida?" Nilicheka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ameuliza swali la kweli.

Tukiwa bado kwenye chai, niseme neno kwa wapenzi wanaokuja huku kupiga picha. Chai si zulia. Mnasimamisha gari, mnajipenyeza katikati ya mistari, mnavunja matawi, mnamwingiza mama mwenye kikapu mgongoni kwenye video bila hata kumsalimia. Yule mama yuko kazini. Sema "Chamgei", mwombe ruhusa, na akikataa, heshimu. Ukipatana naye, muulize bonasi ilikuwaje. Atakuambia mambo. Wakulima wadogo wa huku wanapeleka majani kwenye viwanda kama Litein na Kapkatet, wanangoja bonasi mara moja kwa mwaka, na miaka nenda miaka rudi wanalia kwamba yao iko chini ya ile ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya. Kwenye mashamba makubwa ya kampuni, mashine za kuchuma zimechukua nafasi ya mikono, na mwaka 2023 waandamanaji walizichoma moto. Huo kijani unaouona nyuma ya busu lenu una kesi ndani yake.

Na kesi yenyewe ni ya zamani. Mashamba makubwa ya Kericho yalikuwa ardhi ya watu kabla ya kuwa ya kampuni. Wakoloni waliwahamisha Wakipsigis wengi ili kupata nafasi ya walowezi na chai. Mwaka 1934 walitunga sheria maalum ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi waliokuwa wakiwapinga, wakawabeba na familia zao mpaka Gwassi, kando ya ziwa Victoria, katika kaunti inayoitwa Homa Bay leo. Walikaa uhamishoni miaka mingi mpaka karibu na uhuru. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuhusu madai hayo, na mwaka 2022 wahusika wakaipeleka Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kwa hivyo njia ya kutoka kwenye chai hadi ziwani si mimi na mpenzi wangu tulioigundua. Kuna watu wa kwetu walisafirishwa kwenda huko kwa nguvu. Nilipomweleza, aliniambia Gwassi na Kendu Bay ziko kaunti moja. Shuleni hakuna aliyewahi kumfundisha habari hiyo. Wala mimi. Niliisikia kwa wazee.

Sasa Roret. Ukifika Litein unaiacha barabara kuu, unaelekea upande wa magharibi. Roret si mji wa kuandikia vitabu: maduka, hoteli za chai na chapo, nduthi zimejipanga, Probox zinajazwa mpaka dereva anakaa upande. Lakini saa kumi jioni mvua ikishakatika na ukungu ukianza kupanda kutoka mabondeni, manze, hakuna kichujio cha simu kinachohitajika.

Nyumbani hatukutambulishana kwa mbwembwe. Nilisema "huyu ni rafiki yangu, anatoka Kendu Bay", na kila mtu akaelewa anachoelewa. Baba alimuuliza kuhusu bei ya samaki. Mama alimpa kiti kizuri. Kogo, nyanya yangu, alimletea mursik kwenye kikombe kikubwa na kumtazama mpaka akamaliza. Akamaliza. Akaomba nyingine! Hapo Kogo akafungua mdomo. Akatuambia kwamba ujana wake walikuwa wakishuka Sondu kwa miguu, wamebeba wimbi, na kurudi na vyungu na samaki. Alikuwa na rafiki huko, mwanamke wa Kijaluo, na kila mmoja alijua maneno kadhaa ya lugha ya mwenzake.

Baba yangu mdogo hakuja kula nasi. Anakaa hatua chache kutoka kwetu na alijua tuko. Hakuja jioni ile, hakuja asubuhi. Mambo yanayosemwa kwetu kuhusu mwanamume wa Kijaluo mnayajua nyote, sitayarudia. Mpaka leo hatujaongea kuhusu siku ile. Nalitaja kwa sababu sitaki mtu adhani nauza hadithi ya kila mtu kukumbatiana.

Kesho yake tukashuka. Kutoka Roret kwenda Sondu barabara inateremka na unaiona nchi ikibadilika kwa macho. Chai inapungua, mahindi yanaongezeka, sweta inatoka. Mto Sondu nao unateremka na wewe: unatokana na Kipsonoi na Yurith, maji ya kutoka upande wa msitu wa Mau na vilima vya chai, unapita Sondu, unazalisha megawati 60 za umeme pale Sondu Miriu, halafu unaingia ziwani. Ukikata miti ya Mau, mvuvi wa Nyakach anaumia. Hilo la kwamba sisi na wao hatuhusiani halijui jiografia.

Sondu yenyewe ni soko. Mpaka wa Kericho na Kisumu unapita hapo, na siku za amani hutauona. Siku mbaya unauona vizuri sana. Oktoba 2023 watu waliuawa hapo, wengine wakakimbia makwao. Na haikuwa mara ya kwanza: wazazi wetu wanaikumbuka 1992, na sisi tuliokuwa wadogo tunaikumbuka 2008 kama kelele za watu wazima usiku. Kwa hivyo tulipoegesha gari nilikuwa na wasiwasi, sitadanganya. Nilijikuta nafikiria jina langu la ukoo, lafudhi yangu, namba ya gari. Mtu wangu naye alikuwa kimya.

Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza omena. Nikamsalimia kwa Kiswahili cha Nairobi, nikauliza bei. Akanitazama, akanitajia bei kwa Kikipsigis safi. Bila kusita, kama mtu anayefanya hivyo kutwa nzima. Kando yake kulikuwa na mama wa kwetu anauza maziwa, na walikuwa wakibishana kuhusu mwavuli wa nani umemzibia nani jua. Huo ndio ugomvi uliokuwepo Sondu siku hiyo.

Kutoka hapo ni Katito, unakunja kuelekea Kendu Bay, joto linakupiga na ziwa linatokea. Majirani wa kwao waliniita nyar Lang'o, yaani binti wa Walang'o, jina ambalo Wajaluo wanatuita sisi Wakalenjin. Lina utani na lina historia isiyo ya utani. Kufikia jioni mama yake alikuwa ananiita nyar Roret. Tofauti ni neno moja tu, lakini mimi niliisikia.

Walitupeleka Simbi, ziwa dogo la duara karibu na Kendu Bay. Hadithi yake ni kwamba kulikuwa na kijiji hapo. Bibi kizee akaja usiku wa mvua akiomba mahali pa kujistiri, wakamfukuza, na maji yakakimeza kijiji kizima. Watu wa kwao wanamsimulia kila mgeni. Nami nilimfikiria baba yangu mdogo.

Sasa najua mtakayosema. La kwanza: "Mapenzi hayana kabila." Hapana. Hiyo sentensi ni tamu Nairobi, kwenye mkahawa wenye intaneti ya bure. Ukifika kati ya Roret na Kendu Bay, mapenzi yana kabila, yana shangazi, yana mwaka 1992. Anayekataa hilo hajamtetea mpenzi wake, amemficha tu. Afadhali ulitazame jambo hilo mkiwa wawili kwenye gari, kuliko ulijue siku ya harusi au siku ya uchaguzi.

La pili: "Kumpeleka mtu nyumbani ni kama kutangaza ndoa." Kweli, kwetu si mchezo. Hatua za posa, mpaka koito, zina wakati wake na wazee wake. Lakini kupita kusalimia si koito. Semeni ni marafiki, msikae siku nne, na kulala mlale kwenye nyumba za wageni Kericho au Kisumu, kila mtu na chumba chake kama mnaogopa maneno. Sisi kwetu nililala chumba cha Kogo, yeye akalala kwa kaka yangu. Hakuna aliyekufa.

La tatu: "Si salama." Hili nalichukua kwa uzito. Sikilizeni habari kabla ya kutoka, ulizeni watu wa huko, na kukiwa na joto mpakani, ahirisheni. Mapenzi hayakimbii. Safirini mchana. Sisi wakati wa kurudi tulipitia Kericho, tukaacha mashamba ya kampuni, tukaingia kwenye miti ya Londiani. Ni pazuri mpaka unataka kulia, na pale njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia matatu na wachuuzi na zaidi ya watu 50 wakafa. Mvua na ukungu wa huku havijali mna mapenzi kiasi gani. Punguzeni mwendo.

Na kama hamna gari, pandeni matatu. Utajua mengi kuhusu mtu ukiwa umebanwa naye kiti cha nyuma kutoka Narok hadi Bomet, amebeba mfuko wako kwenye magoti.

Kizazi chetu kinasema kimechoka na ukabila. Tunaposti, tunaandamana pamoja, tunacheza ngoma za kila mtu. Lakini wengi wetu tuna mpenzi wa miaka miwili ambaye mama hajawahi kusikia jina lake la pili. Tumeuhamisha mpaka kutoka Sondu tukauweka kwenye simu. Diani haitautoa hapo, hata mkikaa wiki nzima na droni.

Nendeni Pwani, mkaogelee. Lakini kwanza, kati ya kwenu na kwao kuna mji gani? Kila wapenzi wa makabila mawili wanao. Andika jina lake hapo chini, na useme kama mmeshawahi kuupitia pamoja.