Ufunguo wa Kompyuta Uwe Mkononi mwa Mwenyewe

Mtu anunuapo nyumba hukabidhiwa funguo zote, na aliyeijenga hana ruhusa tena ya kuingia apendavyo. Anunuapo kompyuta, mambo huwa tofauti. Hulipa bei kamili na kuibeba hadi kwake, lakini ndani ya mashine hiyo mna kufuli asiyojua iliwekwa na nani, wala ufunguo wake umo mikononi mwa nani. Jambo hili halijazungumzwa vya kutosha humu nchini, nasi twaona wakati umewadia lizungumzwe.

Kufuli tunayoitaja ni kipande kidogo kiitwacho TPM, ambacho ama husimama peke yake ama hujengwa ndani ya prosesa. Kina kazi kuu mbili. Kwanza, huhifadhi funguo za siri zinazotumiwa kuyafumba yaliyomo katika diski, hivi kwamba mwizi akiing'oa diski hiyo na kuipachika kwingine hataambulia neno hata moja. Pili, mashine inapowashwa, kipande hiki huweka kumbukumbu ya alama za programu zinazotangulia kuamka, na kinaweza kumthibitishia mtu aliye mbali ni programu zipi zilizoamshwa.

Hakuna mwenye akili timamu atakayepinga ulinzi wa aina hiyo. Daktari ana siri za wagonjwa wake, wakili ana za wateja wake, na mwalimu mkuu ana rekodi za wanafunzi. Hata hivyo, wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Swali si kama kufuli hiyo ni imara. Swali ni inamlinda nani, na dhidi ya nani.

Swali hili si geni. Mwaka wa 1999 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya Pentium III yenye nambari ya utambulisho ambayo programu ingeweza kuisoma. Watetezi wa haki ya faragha walilalamika kwamba watu wangefuatwa nyendo zao kwa nambari hiyo, na kampuni ikaiacha katika prosesa zilizofuata. Mwaka uo huo, Intel, Microsoft, IBM, Compaq na Hewlett-Packard ziliunda muungano wa kubuni vifaa vya usalama vya kutiwa ndani ya kompyuta, na humo ndimo TPM ilimozaliwa.

Microsoft ilipotangaza mpango wake wa Palladium mwaka wa 2002, Profesa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa miongoni mwa waliotoa onyo. Hofu ya wakosoaji ilikuwa kwamba mashine ingegeuka askari wa makampuni, na mwenye mashine akawa ndiye mshukiwa. Marekani, Richard Stallman naye alisema waziwazi kwamba huo haukuwa uaminifu bali usaliti.

Haki yadai tukiri kwamba si yote yaliyohofiwa yaliyotokea. TPM yenyewe haizuii programu yoyote. Hutunza funguo na kumbukumbu tu, na hata watumiaji wa Linux huitumia kulinda diski zao. Lakini uamuzi wa jinsi ya kuitumia hufanywa na wengine. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, iliwekewa sharti la kuwa na TPM 2.0. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikakomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha wapewe nyongeza ya muda. Kompyuta nyingi zisizo na kasoro yoyote zikaonekana kuukuu kwa siku moja. Katika nchi kama yetu, ambamo shule na biashara ndogo ndogo hutegemea mashine zilizokwisha kutumiwa ng'ambo, sharti kama hilo si jambo dogo.

Kuna na suala la ufunguo wenyewe. Katika kompyuta nyingi za Windows, mtumiaji anapojisajili kwa akaunti ya Microsoft, diski hufumbwa bila yeye kuuliza, na ufunguo wa akiba huhifadhiwa katika akaunti hiyo, yaani katika mitambo ya kampuni. Akiipoteza akaunti, siku mashine itakapoudai ufunguo huo huenda akazikosa nyaraka zake za miaka mingi. Na maadamu kampuni inao ufunguo, mahakama yaweza kuiamuru iutoe. Anayetunziwa ufunguo bila kuambiwa hawezi kusema kwamba siri zake zi salama.

Wapo watakaosema kuwa makampuni haya hayana nia mbaya. Yawezekana. Lakini Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya Kindle vya wasomaji waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki ya kuvichapisha. Walirudishiwa pesa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi. TPM haikuhusika katika kisa hicho, lakini fundisho ni lile lile: anayeacha mkono wake ndani ya chombo ulichokinunua, ipo siku atautumia.

Dawa ipo, wala haihitaji kuvunja kufuli. Windows 8 ilipotoka mwaka wa 2012, Microsoft iliwataka watengenezaji wa kompyuta za kawaida wampe mwenye mashine uwezo wa kuzima ukaguzi wa programu za kuwashia na kuweka funguo zake mwenyewe. Kwa mashine zenye prosesa za ARM, kampuni iyo hiyo ilikataza ukaguzi huo kuzimwa. Ilipokuja Windows 10 mwaka wa 2015, hata kwa kompyuta za kawaida uamuzi wa kuruhusu ukaguzi uzimwe uliachiwa mtengenezaji. Ni dhahiri basi kwamba uhuru wa mtumiaji haukuondolewa na sayansi. Ulitolewa na kuondolewa kwa kalamu, na kwa kalamu waweza kurudishwa.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31 na mali katika Kifungu cha 40, na katika Kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa. Aidha, tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Kinachokosekana ni nia ya kuzitumia.

Kwa hivyo, twatoa wito kwa serikali, kaunti na shule zinaponunua kompyuta ziandike katika mikataba kwamba mwenye mashine aweze kubadilisha funguo na kuweka mfumo aupendao. Wauzaji nao wamweleze mnunuzi, kabla hajalipa, iwapo diski imefumbwa na ufunguo wa akiba umewekwa wapi. Ofisi ya Kamishna wa Data haina budi kulifuatilia jambo hili. Na kila mwenye kompyuta aunakili ufunguo wake wa akiba katika karatasi na kuuhifadhi mahali salama.

Kufuli ni kitu chema. Lakini kufuli ambayo mwenye nyumba hana ufunguo wake haitofautiani na ya jela, na hakuna sababu ya Mkenya kuinunua kwa jasho lake pasipo kujua.