Gunia Lisilofika Halimlishi Mkimbizi

Katika shughuli za misaada ya wakimbizi, siku inayosherehekewa kuliko zote ni siku ya kutia saini. Kalamu hutolewa, mikono hupeanwa, picha hupigwa, na tani za nafaka hutangazwa kana kwamba zimekwisha kupikwa. Lakini mkimbizi hali saini. Anakula gunia lililofika, na gunia halifiki ila kwa reli, kwa lori, kwa meli, kwa ghala lisilovuja, na kwa karani anayeandika daftarini kile alichokipokea kweli. Kazi hiyo ya kuchukua, kuhifadhi na kuhesabu ndiyo uti wa mgongo wa misaada yote. Na ndiyo hiyo inayodharauliwa, ikaachiwa watu wasio na sauti kikaoni. Dharau hiyo ni kosa kubwa, na ushahidi wake uko Kyela.

Wilaya ya Kyela iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Barabara iteremkayo kutoka Mbeya kwa kupitia Tukuyu hugawanyika huko: mkono mmoja unakwenda Kasumulu, kwenye daraja la Mto Songwe na mpaka wa Malawi, mkono mwingine unakwenda mjini Kyela na kwenye bandari za Itungi na Kiwira. Wengi huijua Kyela kwa mchele na kakao. Wachache hukumbuka kwamba Kyela ni mlango, na kwamba mlango huo uliwahi kufunguliwa wakati milango mingine ilipokuwa imepigwa makufuli na maadui wa Afrika.

Malawi haina bahari. Kabla ya vita vya Renamo, sehemu kubwa kabisa ya mizigo yake ilipita katika bandari za Msumbiji, Beira na Nacala. Renamo, kundi lililoanzishwa na utawala wa walowezi wa Rhodesia na kurithiwa na makaburu wa Afrika Kusini mwaka 1980, lililipua madaraja na kung'oa reli, hata kufikia katikati ya miaka ya 1980 njia zote mbili zikawa zimekatika. Malawi ikalazimika kuzungusha mizigo yake hadi Durban, safari ya maelfu ya kilomita, na bei ya kila kitu ikapanda. Wakati huohuo wananchi wa Msumbiji walikuwa wakivuka mpaka usiku na mchana, watoto migongoni. Kufikia mwaka 1992 wakimbizi hao walikaribia milioni moja, katika nchi yenye watu wapatao milioni 10. Hivyo basi, vita vilevile vilivyowafukuza watu makwao ndivyo vilivyokata njia ya chakula chao. Mhujumu anayelipua reli anaelewa vizuri jambo ambalo baadhi ya watumishi wa ofisini hawajalielewa: kwamba njia ya chakula nayo ni chakula.

Jibu lilitoka kaskazini. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa ushirikiano na China tangu mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilikuwa imekusudiwa kuikomboa Zambia kutoka katika bandari za wabaguzi. Ikaja kuisaidia Malawi pia. Shehena iliteremshwa Dar es Salaam, ikapanda mabehewa hadi Mbeya, ambako Malawi ilijengewa kituo chake cha mizigo. Kutoka hapo malori yakateremka milimani hadi Songwe, yakavuka kwenda Karonga na bandari ya Chilumba, na mizigo ikaendelea kusini kwa ziwa au kwa barabara. Ukame ulipoangamiza mahindi ya kusini mwa Afrika katika msimu wa 1991 na 1992, njia ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa njia zilizopitisha chakula cha kuokoa maisha. Wanaodhani kwamba uhuru wa uchukuzi ni nadharia ya wanasiasa wa zamani na waitazame njia hiyo.

Yafaa ieleweke kazi yenyewe ni ipi. Gunia moja hubadilisha mikono mara nyingi: melini, gatini, behewani, ghalani, lorini, mpakani, chomboni, na mwisho kituo cha kugawia. Kila mkono ni hesabu mpya, hati mpya na mwanya mpya wa wizi. Mvua za masika za Kyela ni nyingi kupita za sehemu kubwa ya nchi. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na magunia yaliyowekwa sakafuni bila chaga, au yaliyofunikwa turubali lenye matundu, huota ukungu kabla hayajavuka mto. Ziwani nako upepo wa kusini huinua mawimbi yanayoweza kukizuia chombo gatini. Mtunza ghala anayejua hayo yote anaokoa watu wengi kuliko mjumbe anayehutubia mkutano.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Kambi ya Dzaleka nchini Malawi ilifunguliwa mwaka 1994 ili ipokee watu kati ya 10,000 na 12,000. Imekuja kubeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na wengi wao wamepita Tanzania kabla ya kufika huko. Mtu mmoja akipewa nusu kilo ya chakula kwa siku, watu 50,000 wanahitaji tani 25 kila siku, yaani magunia 500 ya kilo 50. Hilo ni lori kubwa moja, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Lori likilala mpakani juma zima kwa kuwa mwenye muhuri amesafiri, mkimbizi hali muhuri juma hilo. Analala njaa.

Wapo wanaodai kwamba wakimbizi ni kazi ya Umoja wa Mataifa, na kwamba nchi maskini haina sababu ya kujisumbua. Hoja hiyo inasahau kwamba mashirika ya Umoja wa Mataifa hayana shamba wala reli. Yanaishi kwa michango, na mchangaji akikunja ngumi, chungu kinapoa. Mwaka 2023 mgao wa chakula katika kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, ulipunguzwa hadi nusu kwa sababu ya upungufu wa fedha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katikati ya mwaka huo shirika lake la misaada likafungwa. Anayetegemea bakuli la jirani asishangae jirani akiamua kulala mapema.

Tena, bakuli hilo halikuwa huru hata siku za neema. Kwa miongo mingi sheria ya Marekani imelazimisha sehemu kubwa ya chakula cha msaada kibebwe na meli zenye bendera ya Marekani: kuanzia miaka ya 1980 hadi mwaka 2012 sehemu hiyo ilifikia asilimia 75, kisha ikarudishwa kuwa nusu. Njaa ya Mwafrika ikafanywa biashara ya wenye meli. Nafaka ikavuka bahari mbili, ilhali mahindi ya Mbozi, Sumbawanga na Songea yalikuwa umbali wa siku chache kwa lori, na mkulima wake akimsubiri mnunuzi. Shilingi inayonunua mahindi ya Songea inamlisha mkimbizi na kumnyanyua mkulima. Dola inayolipa nauli ya meli ya ng'ambo haifanyi hata moja ya hayo.

Wapo wengine wanaosema kwamba lami ikishawekwa, soko litafanya yaliyobaki. La hasha! Mfanyabiashara hubeba kinacholipa, na mkimbizi hana cha kulipa. Ndiyo maana vyombo vya umma vina maana yake. Mwaka 2017 Taifa lilizindua katika Ziwa Nyasa meli mbili za mizigo, MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000. Kwa hesabu iliyotangulia, meli moja ikijaa inabeba chakula cha Dzaleka cha siku 40. Lakini meli haijipakii yenyewe. Inataka gati lisilojaa mchanga uletwao na mto, winchi inayofanya kazi, ghala kavu na mafuta yaliyonunuliwa kabla ya dharura. Kununua meli na kulisahau ghala ni sawa na kununua ng'ombe na kusahau malisho.

Kundi la tatu ndilo lenye sauti kubwa zaidi vijiweni: linamwona mkimbizi kuwa mzigo usiokwisha. Historia ya nchi hii inalikanusha. Wananchi wa Msumbiji waliokimbia Wareno katika miaka ya 1960 walipokewa Rutamba, mkoani Lindi, na Lundo, kando ya Ziwa Nyasa hilihili. Walipewa ardhi wakalima. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walifyeka mapori ya Katumba na Mishamo, wakajilisha na kuuza ziada. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Wenye kuitaja methali hiyo kwa ukali hawana budi kuisoma yote: siku mbili za kwanza lazima mtu alete chakula. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Hakuna mbegu inayoota kwa siku moja. Jembe linawezekana pale tu gunia lilipotangulia.

Mwaka 2025 ulileta somo jingine, na lilifundishwa Kasumulu. Mwezi Machi Malawi ilizuia mazao kadhaa kuingia kutoka nje, mchele, mahindi na ndizi yakiwemo. Mwezi Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Mwanzoni mwa Mei mazungumzo yakalegeza kamba. Kila nchi ina haki ya kuwalinda wakulima wake, na Tanzania ilikuwa na kila sababu ya kutonyamaza. Lakini siku hizo chache zilionyesha jinsi mlango unavyoweza kufungwa upesi. Nchi mbili zenye mto mmoja na ziwa moja zinapaswa kukubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba ugomvi wa biashara hautaligusa gunia la mkimbizi wala la mwenye njaa.

Yapo basi mambo manne yasiyongoja mfadhili. Ghala la akiba ya dharura lijengwe karibu na ziwa, lijazwe mahindi ya mikoa ya kusini na mchele wa Kyela, na lihesabiwe kila mwezi mbele ya mashahidi. Shehena ya msaada ipewe hati moja inayotambuliwa na forodha za pande zote mbili za Songwe. Bandari za ziwa zitunzwe wakati wa amani, maana wakati wa dharura hakuna anayezoa mchanga. Na watunza maghala, madereva, utingo na makarani wafundishwe, walipwe na waheshimiwe kama wataalamu.

Kwa watumishi wa umma hilo linaanza na daftari. Anayeandika magunia 600 ilhali yamefika 580, na 20 yakaitwa "yaliyopotea njiani", amewanyima watu 2,000 chakula cha siku nzima. Afadhali aitwe kwa jina lake: mwizi. Kwa walimu linaanza darasani. Mtoto wa Ipinda au Matema anayefundishwa kukokotoa uzito, umbali na siku kwa mfano wa magunia, malori na meli anajifunza hesabu, na papo hapo anajifunza udugu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwenye hesabu sahihi anaweza kumjua.

Barabara ya Kyela inachukua watu na mizigo kwa pamoja. Leo jamaa ya Kikongo inaweza kuwa inaiteremka, vyombo vichwani, ikielekea kusini asikokujua mtu. Barabara hiyohiyo ndiyo itakayopitisha gunia lao, au haitalipitisha. Uamuzi huo haufanywi na mto wala upepo wa ziwa. Hufanywa ghalani, mpakani na ofisini, na watu wenye majina na mishahara.