Sola Rungwe: Tufanye Hesabu Kwanza

Wauza sola wanapita vijijini mwetu wakilisifu jua. Jua lipi? Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuanzia Novemba hadi Mei mawingu hayabanduki Rungwe. Hapo betri haijai, mtoto husomea koroboi, na malipo ya mkopo hayangoji.

Sisi hatuipingi sola. Kwa nyumba iliyo mbali na nguzo, taa tatu na kuchaji simu ni faida kubwa, mradi inunuliwe taslimu baada ya kuuza viazi. Lakini nguzo ikiwa imekwisha fika kijijini, kuunganishiwa umeme kwa Sh. 27,000, mbali na nyaya za ndani, ni haki yetu. Anayetozwa zaidi adai stakabadhi, ailete ofisi ya tawi.