Oili ya pikipiki si kazi ya dereva peke yake

Pikipiki ya familia Ifakara haipumziki. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inabeba abiria, wakati wa mavuno inatoa magunia ya mpunga shambani. Usiku mtoto akipandwa na homa, ndiyo inayomfikisha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Injini ikifa, hakwami dereva tu. Ada inakwama, na mboga pia.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mara nyingi mwenye pikipiki ni baba au mama, na dereva ni mtoto wao, mpwa au shemeji anayeleta hesabu kila jioni. Mwenye mali anasema kijana hakuweka oili. Kijana anasema aliomba hela ya oili akaambiwa asubiri. Hakuna mwenye ushahidi, kwa sababu hakuna aliyepima. Undugu unaingia doa kwa jambo la dakika tano.

Pikipiki ndogo zilizozoeleka bondeni, kama Boxer na TVS, zina oili moja inayofanya kazi tatu: kulainisha injini, gia na klachi. Pikipiki nyingi kubwa za Harley-Davidson za Marekani zina chumba cha pekee chenye oili ya klachi na mnyororo wake. Mzazi akiona kwenye simu video ya fundi akijaza oili hiyo, asihangaike kutafuta tundu lake kwenye Boxer. Halipo. Lakini kwa sababu hiyohiyo, oili ikipungua vyote vitatu vinaumia pamoja.

Wakati mzuri wa kupima ni asubuhi, kabla ya kuwasha. Pikipiki isimamishwe wima kwa stendi ya kati, mahali tambarare. Ikiegemea stendi ya pembeni, kipimo kitadanganya. Kama imetoka safari, izimwe na kuachwa dakika chache ili oili ishuke. Yenye kioo kidogo ubavuni mwa injini, oili ionekane kati ya alama mbili. Yenye kijiti, kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa safi, kirudishwe, kisha kichomolewe tena na kusomwa. Nyingi hazitaki kijiti kikazwe wakati wa kupima. Kitabu cha pikipiki kinaeleza.

Oili ikiwa chini ya alama, iongezwe kidogo kidogo huku ikipimwa. Kuijaza kupita alama ya juu nako ni hasara: huleta povu, moshi na kuvuja. Inunuliwe oili ya pikipiki yenye namba iliyotajwa kwenye kitabu, mara nyingi 20W-50, na chupa iwe na alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze: injini inalia kwa nguvu lakini mwendo hauji, hasa pikipiki ikiwa na mzigo.

Masika yana hatari yake. Mto Kilombero ukifurika na barabara zikajaa maji, dereva aliyevuka maji marefu apime kabla ya safari nyingine. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Injini isiwashwe, oili yote imwagwe na fundi aangalie kabla ya kuweka mpya.

Watoto wapenda kutazama wakae mbali na bomba la moshi, kwani huunguza hata baada ya injini kuzimwa. Oili isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mdogo atainywa. Oili chafu isimwagwe mtaroni, kwa maana maji ya mtaro huishia mashambani. Iwekwe kwenye dumu na kupelekwa gereji.

Lililobaki ni makubaliano. Nyumba yenye daftari la hesabu inaweza kuongeza mistari miwili tu: tarehe ya kupima na kiwango kilichoonekana. Mzazi na dereva wapime pamoja mara moja kwa wiki, siku nyingine dereva apime mwenyewe na kuandika. Hela ya oili itengwe kabla hesabu haijakabidhiwa, isiwe ya kuombwa. Pikipiki ikiharibika baada ya hapo, daftari ndilo litakaloulizwa kwanza, si kijana.