Panya ni Nani?

Mwishoni mwa mwaka 2019 wazazi wa shule ya msingi ninayofundisha, upande wa Kangemi, magharibi ya mji wa Nairobi, waliitwa waje kuelezwa habari ya chanjo mpya. Serikali ya Kenya ilikuwa imeanza, mwezi wa Oktoba wa mwaka ule, kuwachanja wasichana wa miaka 10 ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi aliyetumwa alisema maneno yake kwa upole, lakini kwa haraka, kama mtu mwenye shule nyingine tatu za kufikia kabla ya jua kuchwa. Alipomaliza, baba mmoja alisimama nyuma ya darasa, akavua kofia yake, akasema, "Mwalimu, sisi twakuheshimu. Lakini watoto wetu si panya." Watu wakapiga makofi. Mimi niliyekuwa nimewekwa kuongoza kikao sikupata la kujibu, na aibu ya siku ile ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Neno lile nimelisikia mara nyingi tangu hapo. Nimelisikia katika basi litokalo katikati ya mji kwenda Kawangware, nimelisikia mlangoni pa kanisa, na nimelisikia kinywani mwa walimu wenzangu, watu waliosoma. Hupendwa kwa sababu ni fupi, na kwa sababu humvika msemaji joho la ushujaa bila kumtoza gharama yoyote. Hata madaktari walikuwako mwaka ule waliosimama hadharani kuipinga chanjo. Nataka kulishitaki neno hili mbele ya wasomaji wangu. Lakini mshitaki mwema hamwonei mshitakiwa, basi kwanza nitalipa haki yake.

Miaka ya 1840, katika jimbo la Alabama huko Marekani, daktari J. Marion Sims alitafuta njia ya kushona nasuri, yaani lile tundu ambalo uzazi mgumu huliacha baina ya njia ya uzazi na kibofu, hata mkojo wa mwanamke ukawa unatiririka usiku na mchana. Njia aliipata. Lakini aliipata juu ya miili ya wanawake watumwa, ambao watatu kati yao twayajua majina: Anarcha, Lucy na Betsey. Aliwapasua bila dawa ya kutia usingizi, na bila ridhaa, kwa maana mtumwa asiyeweza kukataa hawezi pia kukubali. Yasemekana Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30. Sanamu ya daktari huyo ilisimama mjini New York, katika Central Park, mpaka Aprili 2018 ndipo ikaondolewa. Na mwaka 1951, katika mji wa Baltimore, mwanamke mweusi aitwaye Henrietta Lacks alikufa kwa saratani hii hii ya mlango wa kizazi. Chembe za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, zikakuzwa katika maabara, zikaenea duniani kote na kuwafaa mamilioni ya watu. Jamaa zake hawakuambiwa neno kwa zaidi ya miaka 20.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Tangu miaka ya 1980 wanawake wa mtaa wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakipata riziki yao kwa kuuza miili, walitoa damu yao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Canada. Baadhi yao walionekana hawaambukizwi virusi vya UKIMWI ijapokuwa walikutana navyo kila mara, na elimu iliyotoka katika damu yao ilikwenda mbali. Mwaka 2000 madaktari wa Nairobi walilalamika ya kwamba wenzao wa Oxford wameandikisha hati ya kumiliki chanjo iliyokuwa ikitafutwa, nao wameachwa nje. Ikiwa maprofesa waliachwa nje ya hati, nani aliwataja wanawake wa Majengo?

Basi mwenye kushuku hana wazimu, ana kumbukumbu. Ugomvi wangu naye ni kwamba kumbukumbu yake imemwonyesha adui asiye ndiye. Ngoja nieleze kwa habari ya nyumbani kwetu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alitokwa na damu isiyokuwa ya mwezi kwa muda wa mwaka na zaidi. Alikwenda katika zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja, akapewa vidonge. Aliporudi alipewa vidonge vingine vya rangi nyingine. Mara ya tatu aliambiwa ni mambo ya umri. Hakuna aliyemlaza kitandani akamtazama. Alipofika mikononi mwa daktari aliyemtazama, uvimbe ulikuwa umekwisha kushika kibofu, na miezi saba baadaye tulimzika. Sasa nauliza: vile vidonge vya kwanza, na vya pili, vilikuwa nini kama si majaribio? Kila kimoja kilikuwa dhana ya mtu, kimetiwa katika mwili wa mwanamke ili ionekane kitatokea nini. Tofauti yake na utafiti wa haki ni kwamba shangazi hakuombwa ridhaa, hakuna aliyeandika matokeo, hakuna kamati iliyouliza kwa nini, na kufa kwake hakukumfundisha mtu yeyote lolote. Yeye ndiye aliyekuwa panya. Na alikuwa panya kwa sababu ya kukosa utafiti, si kwa sababu ya kuufanyiwa.

Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha ya kwamba katika Kenya wanawake zaidi ya 5,200 hupatwa na saratani hii kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 3,200 huuawa nayo. Hakuna saratani nyingine iliyokadiriwa kuua wanawake wengi zaidi nchini mwaka ule. Na ugonjwa wenyewe si fumbo. Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua ya kwamba huletwa na virusi viitwavyo HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha saratani 7 katika kila 10. Chanjo ya kuvizuia iliruhusiwa Marekani mwaka 2006. Yule baba mwenye kofia alipokuwa akisema juu ya panya, chanjo ilikuwa na umri wa miaka 13, na binti za matajiri wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuchanjwa kwa mamilioni. Binti zetu walikuwa wa mwisho katika foleni, nasi tulikuwa twalia ya kwamba tumewekwa mbele!

Lakini sikia jambo alilokuwa halijui, nami sikulijua siku ile. Saa ile ile tuliyokuwa katika kikao, wanawake vijana wa Nairobi, Thika na Kisumu walikuwa wanaingia katika jaribio lililopewa jina la KEN SHE. Jumla yao walikuwa 2,275, wenye umri wa miaka 15 mpaka 20, nao waliingia kuanzia Desemba 2018. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Dakta Nelly Mugo wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya. Swali lao lilikuwa dogo kwa maneno, kubwa kwa maana: je, sindano moja ya chanjo hii yatosha, badala ya mbili au tatu? Kwa kura, wengine walipewa chanjo ya HPV, na wengine walipewa chanjo ya ugonjwa wa uti wa mgongo, ili nao wasitoke mikono mitupu. Na ilipangwa tangu mwanzo ya kwamba hawa nao, zamu ikifika, watapewa ile ya HPV. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Baada ya miezi 18 sindano moja ilikuwa imezuia maambukizi ya aina ya 16 na ya 18 kwa asilimia 97.5. Kabla ya mwaka ule kwisha, Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kwamba nchi zaweza kutumia sindano moja.

Yafaa msomaji asimame hapa kidogo apige hesabu, kama ninavyowaamuru wanafunzi wangu. Nchi yenye fedha ya kununua sindano milioni mbili, ambayo jana iliweza kuwakinga wasichana milioni moja, leo yaweza kuwakinga milioni mbili. Msichana wa Turkana, ambaye muuguzi humfikia mara moja kisha mvua ikakata njia, jana alihesabiwa hakumaliza chanjo, leo amekingwa. Mataifa ya tajiri yalikuwa na haraka gani ya kuliuliza swali hili? Wao waliweza kununua sindano tatu. Lilikuwa swali letu, likajibiwa katika miili yetu, na jibu lake limekwenda kuwafaa walimwengu. Kama huyo ni panya, basi ni panya aliyemfundisha paka.

Tena kuna maswali ambayo huwezi kuazima jibu lake. Kati ya mwaka 1992 na 1998, hapa Nairobi, Profesa Ruth Nduati na wenzake waliwashirikisha kina mama 425 wenye virusi vya UKIMWI, wote wakiwa na maji ya bomba, nusu wakanyonyesha na nusu wakatumia maziwa ya kopo. Ulaya jambo hili halikuwa na mjadala. Mama aliambiwa asinyonyeshe, basi. Nairobi, walipotimiza miaka miwili, watoto walioambukizwa kwa wanyonyeshaji walikuwa asilimia 36.7, na kwa wenzao asilimia 20.5. Kopo lilizuia ugonjwa. Lakini idadi ya watoto waliokufa katika makundi mawili haikuachana sana, kwa kuwa mtoto asiyenyonya ana hatari zake nyingine. Nani angeliyajua hayo kwa kukaa London na kukisia? Leo dawa za mama zimebadili shauri hilo, na mama anayezitumia hushauriwa kunyonyesha. Lakini waliokuwa wakichagua katika giza la miaka ile walipata taa kutoka kwa mama wenzao.

Na utafiti si lazima uwe wa mitambo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio lililoitwa E-MOTIVE, katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania, lililowahusu wanawake zaidi ya 200,000. Kiini chake kilikuwa kipande cha plastiki! Mama anapojifungua, damu huingia katika mfuko uliotiwa alama, mkunga akaona kwa macho imefika wapi, na ikizidi, hufanya mambo yote ya kuizuia kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo ajaribu jingine. Awali watu walikisia damu kwa kutazama shuka. Kutokwa damu nyingi mno, kupasuliwa kwa ajili yake, au kufa, vilipungua kwa asilimia 60. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza miaka ya kukisia kwa shuka. Sipendi kufikiri sana juu yake.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana watafiti wasidhani nimewaandikia barua ya sifa. Ninyi mabwana na mabibi wa Upper Hill na wa Mbagathi Road, mwalaumu raia kwa ujinga. Lakini elimu yenu mmeifungia wapi? Matokeo huandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mwalimu wa Kangemi hayaoni, yakasomwa katika hoteli za Westlands mbele ya watu waliokwisha kuyajua. Fomu ya ridhaa nimewahi kuiona moja iliyotafsiriwa kwa Kiswahili ambacho hata mimi, niliyefundishwa chuoni kukifundisha, nilikisoma mara mbili ndipo nikaelewa. Mtu akitia sahihi asichokielewa, ametoa wino wake tu. Kamati za maadili ziko na sheria ziko, sikatai. Lakini mwanamke aliyetoa mwili wake kwa miaka mitatu astahili kuitwa, akalishwa chai, akaambiwa kwa lugha yake, "Hili ndilo tulilolipata kwako." Pasipo hivyo neno la panya litaendelea kuzaa.

Na serikali nayo? Kuthibitisha ya kwamba dawa yafaa, kisha ikakosekana zahanatini, ni kumfanya mshiriki aliyejitolea aonekane mpumbavu. Mwanamke wa Kawangware na yule wa Lavington hutenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mmoja hupimwa mlango wa kizazi kwa tarehe iliyoandikwa katika kitabu cha daktari wake. Mwingine hupimwa siku damu ikimlazimisha. Utafiti hauwezi kuliponya hilo.

Mwaka 2022, nilipopata kusoma matokeo ya sindano moja, niliketi jioni mbili nikayaandika kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, nikampelekea yule baba kibandani pake, karibu na soko la Kangemi, auzapo vyuma vya baiskeli. Binti yake alikuwa na miaka 13, hajachanjwa. Alivaa miwani, akasoma polepole, akarudia chini pale penye hesabu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hawa wasichana 2,275 ni wa hapa hapa?" Nikamwambia baadhi yao ni wa Nairobi. Akauliza kama wako salama. Nikamweleza ya kwamba walifuatwa na kupimwa, na ya kwamba hilo lilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati, akasema anataka nyingine mbili, moja ya ndugu yake aliyeko Uthiru na moja ya kina mama wa kanisa la mkewe. Nilizinakili usiku ule kwa mkono, kwa sababu mashine ya shule ilikuwa imeharibika.